Mnada wa Kinanda cha Mzee Athmani

Tangu nirudi, kila anayepita kibandani kwangu hapa Kitale ananiuliza swali lile lile: Wafula, ulikwenda Mombasa kununua kinanda, unasema umekinunua, sasa kiko wapi? Nimechoka kujibu vipande vipande. Nimeamua kuandika yote kwa mkupuo mmoja, na atakayetaka kucheka acheke akiwa kwake. Habari za tiketi na kutumiana pesa nitaziruka, kwa sababu hazina utamu wowote.

Mnajua kazi yangu ni kutengeneza redio kuukuu, santuri na mashine zinazoimba bila umeme. Mapema mwaka huu alinipigia simu mzee mmoja wa Junda, upande wa Kisauni, aitwaye Athmani. Alikuwa na kinanda cha babu yake. Ni kabati la mbao linalokufika kifuani, lina mlango wa kioo, na ndani mna sahani kubwa ya chuma iliyotobolewa matundu. Ukiikaza kamani, yaani springi yake, kwa mpini, sahani inazunguka, inakwaruza meno ya chuma yaliyopangwa kama ya kitana, na wimbo unatoka. Meno mawili yalikuwa yamekatika. Mzee alitaka niyatengeneze, tukakubaliana niende baada ya mavuno.

Kabla mahindi hayajakauka nikaona picha ya kinanda hicho hicho kwenye simu, kikitangazwa kuuzwa kwa mnada Likoni. Nikampigia mzee, simu yake haikupatikana. Basi, vinanda vya aina ile katika minada ya ng'ambo huuzwa kwa bei ya gari. Nilifunga kibanda nikaondoka.

Kitale hadi Mikindani

Mpaka Nairobi sina la kusimulia. Basi la pili ndilo lililotuangusha: lilizima Maungu, jua likiwa utosini, tukashuka wote na kutafuta kivuli cha maduka. Fundi aliingia chini ya basi, ikawa tunaona miguu yake tu.

Kando yangu alikaa mama mmoja wa Kikamba aliyekuwa akienda Changamwe kumwona binti yake aliyejifungua. Alinigawia mahindi ya kuchemsha na kuniuliza niendako.

"Naenda mnadani, Likoni."

"Ee! Na mbuzi wa Likoni ni bei gani siku hizi?"

Nikamweleza kwamba si mbuzi, ni kabati linaloimba. Alinitazama kwa huruma, akaongeza hindi la pili mkononi mwangu. "Mimi nina kuku anayeimba," akasema, "na hakuna mtu amewahi kutoka Kitale kuja kumnunua."

Tulicheka mpaka wengine wakageuka. Nawaambia haya ya Maungu kwa sababu ndiyo sehemu ya mwisho ya safari ninayoweza kuisimulia bila kusitasita.

Nilifika Mikindani jioni, kwa binamu yangu Nafula, ambaye mumewe anaendesha lori la makontena. Nafula alipika ugali na mrenda aliotumiwa kutoka nyumbani, na hatukulala mapema maana alitaka habari za kila mtu wa kwetu, aliye hai na aliyekufa. Nilipomwonyesha picha ya kinanda, aliiangalia akairudisha simu haraka.

"Hiyo kitu ni kama jeneza imesimamishwa," akasema.

Mikindani hadi Junda

Mnada ulikuwa ufunguliwe saa nane mchana. Niliona si adabu kwenda kununua kitu cha mtu aliyenialika bila kumwona kwanza, kwa hiyo asubuhi nikaenda Junda. Tuktuk ilinishusha mahali ambapo njia inakuwa ya mchanga, na kutoka hapo nikaulizia nyumba kwa nyumba. Sikupata shida. Kila niliyemtajia jina la mzee alinyoosha kidole kimyakimya, kisha akanisindikiza kwa macho.

Mlango ulikuwa umefungwa. Udi ulinukia mpaka nje. Jirani, mama mtu mzima aliyekuwa akikaanga mahamri barazani, alinikaribisha.

"Shikamoo, mama. Namtafuta Mzee Athmani."

"Marahaba, mwanangu." Aliinua hamri, akalichuja mafuta, akalitua sahanini polepole. "Mzee ametangulia."

Ninyi mnaonisoma hapa Kitale mngeelewa nini? Nami nilielewa hivyo hivyo.

"Sawa," nikasema. "Na lile sanduku lake?" Sisi mafundi tumezoea kukiita sanduku la muziki.

"Sanduku?" Alishangaa. "Sisi hatutumii sanduku, mwanangu."

"Kinanda, namaanisha."

"Ah, kinanda! Kinanda wamekipeleka Likoni juzi, kwa dalali. Rukia, bintiye, ametoka asubuhi, naye ataishia huko huko."

Basi mambo yakanyooka kichwani mwangu. Kinanda kiko Likoni, mzee ametangulia, binti anafuata.

"Basi nami acha nimfuate mzee," nikasema nikiinuka.

Yule mama aliangusha mwiko wake. "Astaghfirullah! Usinene hivyo! Kila mtu na siku yake."

"Siku yangu ni leo, mama. Jioni narudi Kitale."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akanikalisha kwa nguvu, akanipa mahamri manne na bakuli la mbaazi za nazi, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza. Nilipoaga alinisomea dua ndefu akiwa ameninyooshea viganja. Niliondoka nikiwaza kwamba watu wa Pwani, kwa ukarimu, hawana mfano.

Junda hadi Likoni

Kivukoni tulikwama. Meli kubwa ya makontena ilikuwa ikiingia bandarini, na feri zote zililazimika kungoja ipite. Tulisongamana kwenye mteremko, joto likitoka kwenye saruji na kwenye migongo ya walio mbele. Meli ilipita karibu mno, ndefu isiyokwisha, na kwa muda wote huo ng'ambo ya pili haikuonekana. Sikuona mtu hata mmoja juu yake. Hata mhubiri aliyekuwa na kipaza sauti akakishusha. Ilipopita, Likoni ikarudi mahali pake.

Ua wa dalali ulikuwa nyuma ya ukuta mrefu, chini ya paa la bati. Nilifika kabla ya watu. Mlikuwa na redio za valvu, tepurekoda za mikanda mipana, spika kubwa kama makabati ya jikoni, na santuri zenye pembe za shaba. Mbele kabisa kilisimama kinanda, na kando yake, juu ya kiti cha plastiki, alikaa mzee wa kanzu nyeupe na kofia ya kazi ya mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndoo," akaniashiria nisogee, "keti, mwanangu. Wewe ndiwe fundi wa Kitale."

"Ndimi," nikajibu kwa lugha yao, nikijisifu moyoni. "Nimepitia nyumbani Junda, nikaambiwa umetangulia."

Alicheka kidogo, bila sauti. "Ni kweli. Nimetangulia."

Sauti ilikuwa ile ile ya simu. Kidole gumba chake cha kulia hakikuwa na ukucha. Alinifungulia mlango wa kioo, akanionyesha pengo la meno mawili, kisha akatoa mpini mfukoni mwa kanzu, akautia mahali pake na kuanza kukaza kamani. Alikaza na kukaza. Mimi nimekaza kamani nyingi, najua mkono unapopaswa kusimama.

"Mzee, utaikata."

"Haikatiki. Yanijua." Akauchomoa mpini, akaurudisha mfukoni. Sahani haikuzunguka; alikuwa ameifungia kwa kile kidude cha kuzuia. "Si wakati wake sasa. Wewe wataka kununua?"

"Nikiweza."

"Kisha?"

"Nitatengeneza meno."

"Kisha?"

Nilijikuta nikilipapasa lile pengo kwa kidole. Mzee alitikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa, akainua kiti chake mwenyewe, akakipeleka safu ya nyuma kabisa, chini ya nguzo.

Mnadani

Watu walijaa. Lango lilifungwa kwa mnyororo, maana dalali hakupenda watu wa kuingia na kutoka. Alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa, na karani wake alishika simu sikioni kwa niaba ya mteja mmoja wa mbali ambaye hakutaka kuja.

Redio zilikwenda kwa bei za kawaida. Santuri moja yenye pembe iligombewa na wenye mahoteli wawili mpaka wakanuniana. Kisha dalali akapiga meza.

"Kinanda cha sahani! Mbao ya asili, kioo chake, sahani yake! Meno mawili hayapo, na mpini hakina. Tuanze na elfu hamsini!"

"Mpini upo," nikasema. "Mzee anao." Kelele zilinimeza.

Nilipandisha mpaka laki mbili, nikasimama hapo, mfuko wangu ukiwa umefika ukutani. Wenye mahoteli walijitoa baada ya hapo kidogo. Akabaki mtu wa simu. Dalali akainua nyundo, na kabla hajaishusha akaangalia nyuma.

"Laki tatu kwa mzee wangu pale chini ya nguzo! Asante, mzee."

Nikageuka. Mzee alikuwa ameinua kidole gumba kile kisicho na ukucha. Nilidhani nimeelewa: wanawe wanakiuza bila ridhaa yake, naye anakinunua mwenyewe ili wao ndio walipe. Nilitabasamu, naye hakunirudishia.

Mtu wa simu akatoa laki nne. Kidole kikainuka. Laki tano. Kidole. Ua ulizidi kutulia kila bei ilipopanda, hata nikasikia kunguru wakitembea juu ya bati. Karani alikuwa akinong'ona kwenye simu kwa haraka, jasho likimtoka. Kwenye laki tisa aliondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Amekata," akasema. "Amesema anasikia mtu anapumua kwenye laini."

Nyundo ilishuka. Watu wakapiga makofi, karani akaenda nyuma kuchukua jina la mnunuzi. Kiti kilikuwa kitupu.

Walimtafuta chooni, nyuma ya spika, kwenye ghala. Bawabu aliapa kwamba mnyororo haujaguswa. Wakati huo mwanamke wa makamo, aliyevaa buibui na mtandio mweupe, alikuwa akigonga lango. Bawabu alipomfungulia, dalali alikuwa akipiga kelele: "Jamani, mzee wa kanzu yuko wapi? Aliyenunua kinanda! Mwenye kidole kisicho na ukucha!"

Yule mwanamke alisimama pale pale. "Nani?"

Kila mtu alieleza alichokiona: kofia, kanzu, kidole. Hakuna aliyetofautiana na mwenzake. Mwanamke alishika nguzo ya lango.

"Huyo ni babangu," akasema. "Tumemzika mwezi huu. Hata arubaini haijatimia."

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Lakini jirani yenu ameniambia ametangulia."

"Ametangulia mbele ya haki, kaka. Wewe ulidhani ametangulia wapi?"

"Likoni," nikasema.

Hakuna aliyecheka.

Labda alikuwa mzee mwingine. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Likoni haina upungufu wa wazee wenye kanzu, na kucha hung'oka kwa wengi. Lakini mimi niliongea naye, na alijua kazi yangu na nitokako.

Dalali alijaribu kuuza upya. Sauti yake ilikuwa imepungua nusu. Mtu wa simu hakupokea tena. Elfu hamsini, kimya. Elfu thelathini, wenye mahoteli wakaangalia viatu vyao. Mmoja alikuwa ameshaanza kutafuta njia ya kutokea. Bi Rukia alinieleza kwa sauti ya chini kwamba ndugu zake wawili walioko ng'ambo ndio walioamuru vitu viuzwe wagawane mirathi, na yeye hakuwa na nguvu ya kuwazuia wala pesa ya kununua.

"Wewe ndiye fundi wa Kitale?" akaniuliza. "Baba alikungoja. Alikuwa akisema, fundi akija kitasema maneno yote."

Nikainua mkono kwenye elfu kumi na tano. Nyundo ikagonga kabla mkono haujanyooka.

Likoni hadi Junda

Mpango wangu ulikuwa kukipakia kinanda kwenye basi la jioni. Tulikodi pikapu, wabebaji wanne wakakiinua na kukiweka nyuma, kikafungwa kamba. Bi Rukia na mimi tulikaa huko huko nyuma kukishika kisiyumbe. Ilikuwa alasiri, feri imejaa watu wanaorudi makwao, wamelizunguka gari letu pande zote.

Tulipofika katikati ya maji, feri ilitikisika, na ndani ya kabati kikasikika kitu kikifyatuka.

Sahani ikaanza kuzunguka.

Najua sababu. Kamani ilikuwa imekazwa kupita kiasi, mtikisiko ukaachia kizuizi. Ningeweza kuwachorea hapa mezani jinsi ilivyotokea. Lakini Bi Rukia aliuliza jambo ambalo siwezi kulichora: "Nani amekikaza? Mpini tumeutafuta nyumba nzima tangu siku ya matanga."

Wimbo ulitoka polepole, mwembamba, kama vijiko vinavyogongana chumba cha pili. Watu waliolizunguka gari wakanyamaza, kisha waliosimama nyuma yao, na ukimya ukaenea mpaka kwenye reli. Tulisikia injini na ule wimbo tu. Kila ulipofika kwenye meno yaliyokatika ulinyamaza kidogo, kisha ukaendelea.

Bi Rukia alikuwa ameweka shavu kwenye kioo. "Wamsikia?" akaninong'oneza.

"Nani?"

"Hapo penye pengo. Hapo ndipo baba alipokuwa akipiga mluzi. Siku zote. Alikuwa akilijaza kwa mluzi."

Nilitega sikio. Mimi nilisikia pengo tu, naapa. Lakini bibi mmoja aliyesimama kando ya gari, amebeba kikapu cha ndizi, aliinua uso kwa ghadhabu.

"Mzee gani huyo apigaye mluzi juu ya maji? Hajui ni mwiko?"

Bi Rukia akacheka. Alicheka huku machozi yakimshuka, akajifuta kwa mtandio, akacheka tena. Wimbo uliendelea mpaka feri ilipogusa ng'ambo, ukakoma palepale mlango wa chuma ulipolala kwenye saruji. Hakuna aliyesukumana kushuka. Walitupisha sisi kwanza.

Dereva akauliza, "Stendi ya mabasi?"

"Junda," nikamwambia.

Junda, na kurudi

Tulikirudisha mahali pake sebuleni, ambapo sakafu ilikuwa bado na alama zake nne. Jirani wa mahamri alitoka kuangalia, akanikuta bado ni mzima, akamshukuru Mungu kwa sauti. Nililala kwa Nafula siku mbili zaidi, nikitumia mchana wote Junda kutengeneza meno yale mawili. Nilikata chuma, nikakipima kwa sikio, nikakisugua kwa tupa mpaka sauti ikakaa. Kwa sababu mpini haukupatikana nilichonga mwingine. Nilipomaliza na kukipiga, wimbo ulipita bila pengo hata moja. Bi Rukia alisikiliza akiwa amesimama, mkono mdomoni.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa?" akasema. "Miaka yote hii sikuujua."

Kisha akanipikia wali na samaki wa kupaka, akanifungia mahamri ya njiani, nikapanda basi. Halikuharibika popote.

Sasa mnajua kiko wapi. Na kwa kuwa baadhi yenu mmesikia kwamba juzi nilipigiwa simu ya pesa nyingi, ni kweli. Yule mteja wa mbali aliipata namba yangu kwa dalali. Alitaka kinanda kwa zile laki tisa, na zaidi kidogo kwa ajili ya meno. Si pesa ya kukataa ukiwa umesimama kwenye kibanda kinachovuja. Nilimwambia anipe muda, nikampigia Bi Rukia.

Nilimweleza bei, na kwamba tungegawana nusu kwa nusu.

"Ngoja nimuulize," akasema.

Nilisikia akiweka simu juu ya kitu cha mbao. Nilisikia kandambili zake zikienda sebuleni, na sauti yake ikisema maneno ambayo sikuyashika, ikinyamaza kiasi cha mtu kujibu, kisha ikisema tena. Hapa Kitale mvua ilikuwa ikianza kupiga bati.

Bi Rukia alirudi kwenye simu.

"Amekataa," akasema, kisha akaniuliza kama mahindi yetu tumeshayavuna.